Kura ya Kiwandani

Nambari ninayotumia katika chama chetu cha ushirika wa kahawa ilikuwa ya mwaitu, mama yangu mzazi. Alipotutoka, karani alikata jina lake kwenye daftari la wanachama, akaandika langu pembeni, nami nikatia sahihi. Nikarithi mashina ya kahawa yaliyo kwenye matuta ya mteremko wa Iveti, hisa zake chache, na kura moja. Nyumbani tulijadiliana sana kuhusu mashina na mpaka wa shamba. Kuhusu kura hakuna aliyesema lolote. Lakini leo ukiniuliza katika urithi ule ni kipi kimewafaa watu wengi zaidi, nitakwambia ni ile kura, na ushahidi wangu ni dizeli.

Nianze mbali kidogo, maana vijana wengi hawakuyaona haya. Kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika wa Ukambani hakuruhusiwa kupanda kahawa. Mlango ulifunguka katika miaka ya 1950, hasa baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, na vilima vya Kangundo, Matungulu, Mitaboni, Iveti na Mbooni vikaanza kuvaa kahawa. Mkulima wa mashina mia mbili hawezi kujijengea kiwanda, kwa hiyo vyama vya ushirika vikajenga viwanda karibu na mito, na kila mwenye mashina akawa mwanachama. Kahawa ikasomesha kizazi kizima, mimi nikiwamo. Kisha mwaka 1989 makubaliano ya dunia ya kugawana soko la kahawa yakavunjika, bei ikaporomoka. Sheria ya ushirika ya 1997 ikaja kuondoa mkono wa serikali kwa ghafla. Kamati nyingi zikabaki bila wa kuziuliza, vyama vikagawanyika vipande vipande, madeni yakarundikana, hadi sheria yenyewe ikabidi irekebishwe mwaka 2004. Watu wakakata tamaa. Kuna waliong'oa kahawa wakapanda mahindi na maharagwe, na hata waliobaki na mashina yao wakaacha kwenda mikutanoni.

Hapo ndipo penye uzito. Mtu akisusa mkutano hudhani ameiadhibu kamati. Chama hakifi kwa sababu wewe umebaki nyumbani. Kiwanda kipo, mashine zipo, pampu ipo, akaunti ya benki ipo, na maamuzi yanaendelea kufanywa na wale wachache waliokwenda.

Asiyeijua kahawa hudhani kazi imekwisha ukishachuma. Kahawa mbivu iliyochumwa asubuhi lazima itolewe maganda siku hiyohiyo. Wakulima hufika kiwandani kuanzia alasiri, wanamwaga magunia sakafuni, wanachambua kijani na zilizougua, karani anapima na kuandika kilo, halafu mashine inawashwa jioni. Mashine hiyo inataka maji, na maji mengi: ya kuisukuma kahawa ndani ya mashine, ya kuipeleka kwenye matangi ya kuchachusha, ya kuioshea na kuilowekea baadaye kabla haijapanda kwenye vitanda vya kukaushia. Mto uko bondeni, kiwanda kiko juu. Kwetu laini ya stima ilifika kiwandani lakini haikuteremka hadi mtoni. Kwa hiyo pampu iliendeshwa kwa dizeli mwaka hadi mwaka, na jenereta nyingine ya dizeli iliwekwa karibu na mashine kungojea stima ikipotea.

Na stima ilipotea, mara nyingi jioni, msimu ukiwa umepamba moto. Kama siku hiyo dizeli nayo imekwisha au pampu imegoma, kahawa ililala na maganda yake. Asubuhi ukija, harufu inakupokea kabla hujafika getini, ukali kama wa siki uliochanganyika na uozo, na vibarua wameketi ukutani bila kuzungumza. Kahawa hiyo haina daraja tena. Inaanikwa ilivyo, inauzwa kama mbuni, yaani kahawa iliyokaushwa na maganda yake, kwa bei ya kutupa. Aliyechuma kwa makini, tunda jekundu moja moja, anaingizwa kapu moja na aliyekamua tawi zima, kwa sababu kilichoharibu kahawa yao wote wawili ni pampu.

Mkutano mkuu wa mwaka hufanyika uwanjani hapo, katikati ya vitanda vya kukaushia. Viti vya plastiki vinakodishwa, wazee wanaketi mbele, akina mama wanatafuta kivuli cha mgrivelia. Mweka hazina husimama na kusoma hesabu kwa haraka ya mtu anayetaka kumaliza kabla ya chakula. Mwaka mmoja alipofika kwenye gharama za kiwanda, mama mmoja wa zoni ya juu aliinua mkono. Alikuwa na nakala ya hesabu mkononi, ameikunja mara nne, na kidole chake kilikuwa kwenye mstari mmoja.

"Mwenyekiti, hii dizeli inalipwa kabla yetu au baada yetu?"

Mwenyekiti akamjibu kwa upole kwamba gharama za kiwanda hukatwa kwanza, kinachobaki ndicho hugawiwa wanachama kwa kilo.

"Na hii dizeli imeshinda mishahara ya vibarua wote wa msimu. Nimesoma sawasawa?"

Alikuwa amesoma sawasawa. Watu waligeuka wakaanza kufungua nakala zao, wengine kwa mara ya kwanza tangu wazipokee langoni. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, nikatafuta mstari ule, nikauona. Tulikuwa tumekaa miaka tukilalamikia wanunuzi wa Nairobi na bei ya dunia, mambo ambayo mkulima wa Iveti hawezi kuyagusa, na hapa palikuwa na pesa zetu zikitoka kwenye bomba la moshi, jambo lililo chini ya mamlaka yetu kabisa. Mwenye kuliamua ni kamati, na mwenye kuichagua kamati ni sisi.

Sasa nieleze jinsi tulivyokuwa tukichagua. Sheria inasema kamati ya usimamizi iwe na watu wasiopungua watano wala kuzidi tisa, na kwamba kila mwanachama ana kura moja tu, awe na hisa kumi au elfu kumi. Hilo ni jambo zuri mno. Lakini kura zetu zilifuata mbai, yaani ukoo, na zilifuata zoni. Zoni ya mtoni hupeleka mtu wake, zoni ya juu mtu wake, na mgombea hakuulizwa lolote kuhusu kiwanda. Aliulizwa ni mtoto wa nani. Mwenye mkono mwepesi alipita usiku kuamkia uchaguzi na pakiti za unga.

Zaidi ya hayo, tulichagua kwa mlolongo. Mgombea anasimama, wafuasi wake wanajipanga nyuma yake, afisa wa ushirika anapita akihesabu vichwa. Wakenya wa rika langu hawajasahau mlolongo wa mwaka 1988, katika mchujo wa chama cha KANU, ambapo mstari mfupi ulitangazwa kuwa mrefu mchana kweupe. Kwenye chama chetu sikuona hesabu ikigeuzwa namna hiyo. Hofu ndiyo iliyokuwepo. Yule unayemuuzia maziwa amesimama mbele ya mstari huu, shemeji yako yuko kwenye ule, na wote wanakutazama. Niliwaona wanawake wakitembea polepole nyuma ya waume zao hadi kwenye mstari ambao jana yake, kwenye chama cha akina mama, walisema hawautaki. Mstari ulikuwa unahesabu miguu.

Baada ya swali la dizeli, mwaka uliofuata alijitokeza kijana mmoja fundi wa stima kugombea kamati. Alikuwa msema kweli na mchapakazi, na hoja yake ilikuwa moja: sola. Paneli ziwekwe juu ya paa la kiwanda, jua ni la bure, dizeli iagwe. Vijana walimpigia makofi. Mzee mmoja akasimama na fimbo yake, akamuuliza, "Mwanangu, mashine yetu inawashwa saa moja jioni. Jua la saa moja jioni utalitoa wapi?" Kijana akataja betri. Mzee akauliza bei ya betri zinazoweza kuendesha mashine ile hadi saa sita usiku. Kijana hakuwa na bei. Akauliza tena: kiwanda kinafanya kazi miezi michache kwa mwaka, je, miezi mingine paneli hizo zitamfanyia nani kazi? Kijana akanyamaza. Alishindwa vibaya.

Wapo waliosema wanachama walikuwa washamba wasioelewa mambo ya kisasa. Nakataa. Walifanya sawa. Mtu anayeomba pesa za wakulima lazima aje na hesabu, na maswali ya mzee yule yalikuwa maswali bora kuliko yoyote niliyowahi kuyasikia kwenye semina za hoteli kuhusu nishati safi. Kura ya kukataa ilikuwa na akili ndani yake. Kilichobaki ni mtu kuyachukua maswali yale nyumbani akayafanyie kazi.

Kijana aliyachukua. Akakusanya watu wachache, mimi mmojawapo, pamoja na yule mama wa zoni ya juu, tukapanda matatu kwenda Kitonyoni. Siku hizi Kitonyoni iko Makueni, lakini hadi 1992 Makueni ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Machakos, kwa hiyo kwa watu wa umri wetu ni kwetu. Mwaka 2012 Chuo Kikuu cha Southampton cha Uingereza, kwa kushirikiana na mamlaka ya umeme wa vijijini hapa Kenya, kilisaidia kujenga pale sokoni mtambo wa jua wa kilowati 13.5. Gridi haikuwa imefika. Paneli zimepangwa juu kama paa kubwa, na mvua ikinyesha paa lile linakinga maji hadi kwenye matangi. Mradi unasimamiwa na ushirika wa wakazi wenyewe.

Mengi yalitufurahisha, ila kilichonikaa moyoni ni kinyozi. Tulimkuta akimnyoa mtoto, tukamuuliza habari za mtambo, naye bila kuzima mashine akatueleza betri zinaharibiwa na nini, kwa nini mtu mmoja hawezi kuruhusiwa kuunganisha chochote anachotaka, na kwamba betri zikichoka ni pesa zao wenyewe zitakazonunua nyingine. Kinyozi! Yule mama akaniambia njiani tukirudi, "Huyu anajua kwa sababu ni chake." Sikuwa na la kuongeza.

Tulichokileta nyumbani ni fikra moja ambayo fundi wetu aliipigia hesabu wiki baada ya wiki. Betri ndiyo ghali. Jua la mchana linalotumika mchana huohuo ni nafuu. Kwa nini basi tung'ang'anie kuendesha mashine ya jioni kwa jua, wakati mzigo mkubwa wa dizeli uko mtoni? Pampu haina haja ya kungoja jioni. Ikipandisha maji tangu saa tatu asubuhi polepole hadi saa kumi, tangi la juu kiwandani litakuwa limejaa kahawa inapoanza kupimwa, na usiku maji yatateremka yenyewe kwa uzito wake. Tangi ndilo lingekuwa betri yetu. Mashine ya kutoa maganda ingeendelea kutumia stima ya gridi, na jenereta ibaki ya dharura tu. Na miezi isiyo ya kahawa, maji yaleyale yangenyeshea kitalu cha miche ya chama. Lile swali la tatu la mzee likapata jibu.

Baada ya hapo tulitembea nyumba kwa nyumba. Hatukupeleka unga. Tulipeleka karatasi moja yenye safu mbili: gharama ya dizeli ya mtoni kwa misimu iliyopita kama ilivyosomwa kwenye hesabu zilizokaguliwa, na makadirio ya pampu ya jua pamoja na mkopo wake. Kwa yule mzee wa fimbo tulikwenda kwanza. Aliisoma akiwa ameivuta mbali na macho, akauliza nani atalinda paneli usiku, tukamwambia hilo bado, akasema tumweke mlinzi kwenye hesabu, turudi. Tukamweka, tukarudi. Ukambani tuna mwethya, kazi ya pamoja iliyochimba matuta ya vilima hivi, na tangu zamani kiongozi wa mwethya hupatikana kwa kuonekana akichimba. Watu wanapoona umekuja na jembe lako mwenyewe, wanasikiliza.

Kwenye mkutano mkuu uliofuata jambo la kwanza lililopiganiwa ni namna ya kupiga kura. Akina mama waliomba kura ya siri. Kulikuwa na mvutano mrefu, wagombea wa zamani wakidai karatasi zitachelewesha chakula, lakini afisa wa ushirika akasema ni haki ya mkutano kuamua, na mkutano ukaamua karatasi. Sanduku likawekwa kwenye chumba cha mizani. Nilimwona mama mmoja mzee akitoka humo akijifunga leso upya, akitabasamu peke yake. Fundi wetu akaingia kwenye kamati. Mama wa zoni ya juu akaingia kwenye kamati ya uangalizi, ile inayochunguza hesabu, na nadhani ushindi wake ulikuwa na maana zaidi kuliko wa fundi.

Lakini kazi ilikuwa haijaisha, na hapa ndipo ninapotaka msomaji anisikilize. Kuchagua watu wazuri hakununui pampu. Chama hakiwezi kukopa zaidi ya kiwango ambacho mkutano mkuu umekipitisha, na kiwango hicho cha mkopo huwekwa mwishoni kabisa mwa ajenda, baada ya chakula, wakati watu wamekwisha kupewa nauli na jua limewachosha. Matokeo yalipotangazwa washindi walibebwa, nyimbo zikaimbwa, watu wakaanza kuelekea getini. Kama wangeondoka, mkutano ungepitisha kiwango cha mwaka uliopita na kamati mpya ingekaa mwaka mzima mikono mitupu. Akina mama wa zoni ya juu walikimbilia getini. Waliwasihi watu mmoja mmoja, "Rudi, bado pampu. Bado pampu." Wengi walirudi. Kiwango kikapita kwa kuinua mikono, jua likiwa linazama nyuma ya Mua.

Pampu ya jua ilifungwa kabla ya msimu mkubwa. Siwezi kusema umaskini umeondoka Iveti, wala bei ya kahawa haitokani na paneli. Stima bado hupotea jioni na jenereta ya dharura bado hunguruma. Paneli zinahitaji kuoshwa vumbi, na kuna mwaka ambao mvua ya mawe ilituweka roho juu. Lakini mstari wa dizeli kwenye hesabu umepungua hadi mweka hazina anausoma polepole, na ile harufu ya asubuhi langoni imekuwa habari ya kusimuliwa. Mkopo unalipwa kwa kile tulichokuwa tukimwaga ndani ya injini.

Nimekuwa nikitafuta tangu wakati huo wengine waliopita njia hii, na nimeona kwamba si sisi wa kwanza. Jirani zetu wakulima wa chai wametutangulia mbali. Viwanda vya chai vilivyo chini ya KTDA ni mali ya wakulima wenyewe, nao ndio wanaochagua wakurugenzi. Viwanda hivyo vimejenga vituo vidogo vya umeme wa maji, kimoja kikiwa kwenye mto Gura kule Nyeri, chenye takriban megawati 6, umeme ukitumika kuendesha mashine za chai na unaozidi ukiuzwa kwenye gridi. Huko Tanzania, wananchi wa Urambo mkoani Tabora waliunda mwaka 1993 ushirika wa watumiaji umeme, wakaendesha jenereta wenyewe na kuwasha taa za mji wao jioni. Walichosumbukia ni kilekile chetu, bei ya dizeli.

Hata Marekani, ambako vijiji vingi viliwashiwa taa na vyama vya ushirika baada ya sheria ya mwaka 1936 ya umeme vijijini, ugonjwa wa kususa mikutano upo. Vyama hivyo ni karibu 900, vinawahudumia watu takriban milioni 42, na kila mteja ni mwanachama mwenye kura. Katika vingi kati ya hivyo wanaopiga kura kuchagua bodi hawafiki mmoja kwa kumi. Walio wachache huamua kama umeme wa wote utatoka kwenye makaa ya mawe au kwenye upepo. Panapokuwa na wanachama walio macho mambo hubadilika: ushirika wa Kit Carson, kule Taos katika jimbo la New Mexico, ulijitoa mwaka 2016 kwa msambazaji wake aliyetegemea sana makaa ya mawe, na kufikia 2022 ulikuwa umeweka mitambo ya jua ya kutosha mahitaji yake ya mchana siku za jua.

Mtu ataniambia: Kenya haina haja ya hayo, umeme wetu wa gridi sehemu kubwa tayari unatokana na mvuke wa Olkaria, maji ya Tana na upepo wa Turkana. Ni kweli, na ni jambo la kujivunia. Lakini nimezaliwa kaunti ya Machakos, yenye bwawa la Masinga. Bwawa lile lilikamilika mwaka 1981, lina megawati 40, na ndilo linalohifadhi maji ya Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Kwa miaka mingi watu wa kando yake walitazama nyaya zikipita juu ya vichwa vyao kuelekea Nairobi, huku wao wakisomea kwa koroboi. Ada ya kuunganishiwa ilipokuwa shilingi 35,000, mkulima wa Masinga au Yatta aliisikia tu. Iliposhushwa hadi 15,000 kupitia mradi uliozinduliwa mwaka 2015, ndipo wengi walipowasha. Umeme unaweza kuwa safi na bado usiwe wako. Kwenye kampuni inayotuuzia stima serikali ina asilimia 50.1 ya hisa, na kura huko huhesabiwa kwa hisa. Kwenye ushirika mama wa zoni ya juu na tajiri wa Tala wana kura sawa. Sijui taasisi nyingine katika nchi hii inayomiliki injini, paa, ardhi na akaunti ya benki ambamo bibi kizee asiye na kitu analingana na tajiri namna hiyo.

Na sasa mlango umefunguka zaidi. Sheria ya Nishati ya 2019 inamruhusu mteja kufunga mtambo wa hadi megawati 1 na kuingiza umeme wake wa ziada kwenye gridi ili upunguzwe kwenye bili yake, na kanuni za kulitekeleza hilo zilitoka mwaka 2024. Kwa kiwanda cha kahawa kinacholala miezi mingi huku jua la Machakos likiwaka juu ya paa lake, hili ni jambo kubwa. Kadhalika kwa ushirika wa maziwa wenye mashine za kupoza, na kwa SACCO zenye majengo mjini. Lakini maombi hayajijazi yenyewe. Yanajazwa na kamati, kwa idhini ya mkutano, na kamati ambayo haijawahi kuulizwa kuhusu dizeli haitaamka siku moja ikawaza jua.

Basi wewe mwanachama wa ushirika wowote ule, mkutano wenu mkuu unapaswa kufanyika ndani ya miezi minne baada ya mwaka wa hesabu kuisha. Nenda. Chukua hesabu zilizokaguliwa ukazisome kabla, utafute mstari wa dizeli, wa kuni na wa stima. Mgombea akikujia, hata akiwa wa mbai yako, muulize mstari huo ataufanya nini na kwa pesa gani. Dai karatasi badala ya mlolongo. Na ukishakula, rudi ukakae, kwa sababu kiwango cha mkopo bado hakijapigiwa kura.